Nyasi na Maji ya Kunywa

11 Januari

Wifi yangu wa koti jeupe,

Nimesubiri barua yako mpaka nimechoka, nikaona heri nianze mimi kabla hujasahau kusoma. Sisi huku tunapumua. Mnara wa simu umekufa tangu mwezi wa kumi. Fundi aliyekuja kuutazama aliutazama kweli, akaondoka zake. Kwa hiyo tumerudi kwenye wino. Barua hii anaibeba Mapengo, yule dereva wa lori la maziwa, ataitia posta akifika mjini. Nawe ukijibu andika kwa anwani ya kiwanda cha maziwa, ataniletea. Ni mtu mwaminifu, ila anapenda sana kuulizia kama umeolewa.

Kaka yako mzima. Jina ulilompa utotoni bado linamkaa. Kiti kimevunjika mguu, ngoja kwanza. Mlango wa zizi umelegea, ngoja kwanza. Jambo moja tu ndilo Ngoja hangoji, na ndilo lililonikalisha hapa kuandika.

Mvua fupi hazikuja. Zile zilizojitahidi zilinyunyiza kama mtu anayepiga pasi. Nyasi za bondeni zimekwisha, zimebaki za lile konde letu nyuma ya nyumba tulilozungushia miiba. Na juzi nimemkuta kaka yako amekaa uani anavitia mafuta viatu vyake vya safari. Nami nilisimama mbele yake tu mpaka akaviweka chini.

Wewe unajua, wifi, kwa hiyo sitayaandika yote. Ukame uliopita aliondoka na ng'ombe kwenda kutafuta majani kule mbali, akaniacha na mtoto wa miezi saba. Kisima kilipungua kikawa tope, mtoto akaanza kuharisha, na mimi nilikuwa peke yangu. Alirudi ng'ombe wamenona, akaniuliza mbona nyumba imepoa hivi. Nilimwambia siku ile na juzi nimemwambia tena: ukiondoka na ng'ombe kwa mara nyingine, ukirudi hutanikuta. Ananipenda, najua. Lakini ng'ombe wakifa sisi tumekwisha, na hilo nalo najua. Basi tumekubaliana. Nyasi za konde zikishika mpaka mvua itakapokuja, haendi popote. Zikikauka, anakwenda.

Uliwahi kutusimulia kwamba huko maabara mnafuga vijidudu vya kusaidia nyasi kuvumilia ukame. Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai, nisamehe. Je, vinaweza kweli? Nijibu upesi, na usinifiche kitu.

Halafu, mchumba wako, yule fundi miwani, hajambo? Muda mrefu sasa humtaji.

Wifi yako, mchunga kaka yako.


2 Februari

Wifi yangu mcheka wasomi,

Barua yako imefika inanuka maziwa, nikajua Mapengo amefanya kazi. Mwambie bado sijaolewa na asipate matumaini. Mimi mzima. Chumba ni kile kile cha ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ukuta, na jirani wa juu bado anaburuta viti kana kwamba analipwa. Kazini mkuu wetu wa maabara amening'iniza saa kubwa mlangoni, siku hizi tunaingia kwa kunyata.

Sasa nisikilize, hapa sitanii. Kuna nyasi tulizikuta zimesimama kijani mahali ambapo hata mbuzi walikuwa wamehama. Tukazichimba. Udongo ulioganda kwenye mizizi yake ulikuwa umejaa vijidudu, hawa bakteria ambao watu wakisikia jina wanashika tumbo. Hivi havina ubaya. Vinakaa kwenye mzizi, vinakula utamu kidogo unaotolewa na mmea, na vyenyewe vinatoa ute unaoshika unyevu. Mzizi unapata nguvu ya kushuka chini zaidi. Nyasi ikibanwa na kiu huwa inakata tamaa mapema, inajikausha hata kabla udongo haujakauka. Hivi vinaituliza isubiri. Kwenye vyungu vyetu, zenye vijidudu bado zilikuwa kijani wakati zisizo navyo tulikuwa tumeshazitupa. Si muujiza, wifi. Haviiti mvua wala havifufui nyasi iliyokufa. Lakini iliyo hai inaweza kushika.

Nakutumia pakiti nne. Hazijaruhusiwa kutoka humu maana majaribio hayajakwisha, kwa hiyo mtu akikuuliza, ni majani ya chai. Koroga pakiti moja kwenye ndoo ya maji, umwagie mashina jioni, siku ambayo ardhi imelowa hata kidogo. Zisikae juani. Zisiguse sabuni wala majivu. Hapa meza tunaifuta kwa dawa kali asubuhi na jioni ili kisibaki kijidudu hata kimoja, inanuka kama vile vidonge vyenu vya kusafishia maji ya kunywa, mpaka mkate wangu unanuka hivyo. Kwa hiyo usivione kama mbolea. Ni viumbe hai. Vitunze kama mtoto mchanga.

Nimeliandika neno hilo nikasita, lakini sikupata jingine. Nisamehe wewe.

Mwambie Ngoja dada yake amesema viatu virudi juu ya kabati.

Wifi yako.


27 Februari

Wifi yangu,

Majani yako ya chai yamefika salama. Mapengo aliniuliza mbona meusi hivyo, nikamwambia ni ya watu wenye vyeo.

Nilizifunga pakiti kwenye kitambaa kibichi, nikazilaza kwenye kona ya mtungi ambako hata mchana kuna giza. Nikawa nazichungulia kila mara. Kaka yako akasema nikizichungulia zaidi zitaona haya. Tukakaa tukingoja mvua, na Jumanne ikaja manyunyu ya kutia ardhi rangi. Basi jioni ile ile tukaingia kondeni, yeye anabeba ndoo, mimi namwagia kwa kikombe, shina moja kikombe kimoja, sikuruka hata shina. Mgongo ulitaka kukatika. Nilivitunza kwa kila kitu kama ulivyoniambia, wifi, mwenyewe sijawahi kujitunza namna ile.

Ngoja alicheka. Sijui mara ya mwisho kumsikia akicheka ni lini. Alisema, "Watu wengine wanakamua ng'ombe, sisi tunanyonyesha nyasi." Kisha tulipokuwa tunaosha miguu uani alimtaja mtoto. Hivi hivi tu, alisema angekuwa anatembea sasa, angetuvunjia kikombe. Tangu azikwe hakuwahi kumtaja mbele yangu, na mimi nilikuwa nadhani amemsahau. Nililia, na yeye akakaa karibu nami mpaka nikamaliza. Viatu ameviweka juu ya kabati mwenyewe, bila kuambiwa.

Sikushukuru kwa nyasi, maana bado sijaziona. Nakushukuru kwa jioni ile.

Fundi miwani mpe salamu, ukikumbuka kwamba yupo.

Wifi yako.


18 Aprili

Wifi,

Hujajibu barua yangu ya Februari, nadhani imekwama njiani. Sikulaumu. Mapengo siku hizi anakuja mara moja kwa wiki, maziwa ya kubeba yamekuwa haba.

Nakuandikia kwa shida. Mvua kubwa ilinyesha siku mbili, tukatega ndoo zote nje, ikaacha. Hadi mwisho wa Machi konde lilikuwa linanipa moyo. Kisha likaanza kuwa njano pembeni, ile njano ya karatasi, na sasa inakwenda katikati. Nimekwenda kutazama nyasi za jirani ambazo hazikupewa kitu. Ni njano ile ile. Nimesimama mpakani nikageuka huku na huku, sikuona tofauti.

Ng'ombe wa kijivu, yule uliyempenda, alilala Ijumaa hakuinuka. Kaka yako alikaa naye mpaka mwisho. Tangu siku hiyo kila asubuhi anakwenda kondeni, anainama, anavunja jani kwa vidole, anarudi, anakunywa chai bila kunitazama. Hajagusa viatu. Lakini anavitazama.

Tumekosea wapi? Niambie kitu cha kufanya, nitafanya. Hata ukisema nizipepee nyasi kwa kanga nitazipepea.

Wifi yako.


6 Mei

Wifi yangu,

Barua zako mbili zimenifikia siku moja, ya furaha na ya huzuni, nami kwa bahati mbaya niliifungua ya huzuni kwanza. Ile nyingine niliisoma nikiwa najua mwisho wake. Nililia kazini, chooni, kama msichana wa shule. Pole kwa ng'ombe wa kijivu. Pole kwa yote.

Fundi miwani ameoa. Mwezi wa kumi na mbili. Niliona kadi mezani kwa mwenzangu. Sikutaka kukuandikia kwa sababu nikikuandikia litakuwa kweli, na kwa sababu ungenitungia maneno ya kunichekesha nami sikuwa tayari kucheka. Sasa unajua, tuliache.

Turudi kondeni. Vijidudu hivi vilifanya kazi hapa, nimeviona kwa macho yangu. Kuna kitu kilivipata njiani au mikononi mwenu, na nahitaji kukijua, usinione kama askari. Pakiti zilikaa juani siku yoyote, kwa Mapengo labda? Ndoo ilikuwa na sabuni? Mlimwagia saa ngapi? Maji mliyakorogea ya wapi? Nieleze kila kitu hata kile unachoona ni upuuzi. Nyasi zikiwa bado na uhai chini, naweza kuiba pakiti nyingine.

Mwambie kaka asubiri barua yangu. Kusubiri ndiko anakokuweza.

Wifi yako.


29 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Huyo fundi miwani alikuwa anawapimia watu macho na yeye mwenyewe haoni. Nimemaliza, sitamtaja tena. Lakini ungeniambia, wifi. Miezi yote hiyo nampelekea salamu kupitia kwako kama mjinga.

Haya, majibu ya askari. Mapengo alizibeba ndani ya kile kisanduku chake cha barafu pamoja na sampuli za maziwa, jua halikuziona. Ndoo niliisugua kwa mchanga, sabuni hapana, majivu hapana. Tulimwagia jioni, jua limezama.

Na maji, hapo hata usiwe na wasiwasi. Kaka yako alitaka kuchota bwawani, pale ng'ombe wanapokunywa. Nilimkatalia. Nilimwambia dada yako ameandika tuvitunze kama mtoto mchanga, na mimi mtoto mchanga simpi tena maji ya bwawa hata aje nani. Tulitumia maji ya kunywa, yale ya pipa la ndani, yaliyotiwa vidonge. Nilizidisha hata kidonge kimoja kwa kila ndoo, kwa uhakika. Siku nne sisi wenyewe tulikunywa kwa kubania ili vijidudu vyako vipate. Kwa hiyo maji yalikuwa mazuri kuliko kitu chochote kilichomo katika nyumba hii.

Ngoja amesema. Amesema usiku wa jana kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba. Mwisho wa Juni anaondoka na ng'ombe waliobaki, isipokuwa nyasi zionyeshe kitu. Maneno yangu anayajua, hakuna haja ya kuyarudia. Akaniuliza, "Kweli utaondoka?" Nikamwambia aulize nyasi.

Leta hizo pakiti, wifi. Kimbia.

Wifi yako.


15 Juni

Wifi,

Nimepata barua yako. Tumechunguza hapa na tumeona kwamba toleo lile la Februari lilikuwa dhaifu tangu maabara. Kosa ni letu. Hamkukosea popote, wewe na kaka mlifanya kila kitu sawasawa, na nataka uliamini hilo.

Natuma pakiti mbili mpya, nimempa mtu wa basi ili zisicheleweshwe na posta. Zimwagie siku ile ile zikifika, hata kama ardhi ni kavu, ilowanishe kwanza. Safari hii msijisumbue na maji ya kunywa, hayo kunyweni. Tumieni ya bwawa, yalivyo, bila kuyatia chochote. Hivi vipya vinapenda maji ya hivyo.

Mwambie kaka asiondoke kabla hazijafika. Mwambie nimemwomba.

Mimi mzima.


24 Agosti

Ndugu yangu,

Pale mwanzo nimeliacha lile jina la wifi, maana sijui kama bado nina haki nalo. Nakuandikia kutoka kwa dada yangu, yule fundi cherehani. Nimepewa chumba cha nyuma, nalala kati ya marobota ya vitambaa na meza ya kukatia. Kutwa natia vifungo kwenye sare za shule. Dada hajaniuliza kitu. Ananipa tu mashati mengine.

Barua yako ilinifikia Juni kwa lori la mwisho, pakiti zako zikafika kiwandani baada yake. Zilikaa huko. Lori halikuja tena, kwa sababu hapakuwa na maziwa ya kufuata. Mapengo aliachishwa kazi, na siku alipokwenda kuchukua vitu vyake akauona mzigo wako, akaazima pikipiki akaniletea. Ilikuwa katikati ya Julai. Kaka yako alikuwa ameondoka mwisho wa Juni kama alivyosema. Hatukugombana. Alifunga maji na unga, akasimama mlangoni, akasema, "Ngoja." Nami nikamwambia nimeshangoja mara moja. Akawafuata ng'ombe.

Barua yako niliisoma Juni nikapita, lakini kabla ya kufungua pakiti nikaisoma tena, nikaona kuna kitu kimepungua. Hukunitania hata neno moja. Tangu niolewe kwenu hujawahi kuniandikia barua isiyo na utani, hata ile ya msiba ulinitania kidogo ili nile. Nikakaa nikajiuliza huyu ananiogopa nini. Kisha nikafika pale pa maji ya bwawa.

Konde lilikuwa limekufa, ukivuta shina linatoka na mzizi. Lakini nyuma ya jiko, pale mtungi unapovuja, kulikuwa na nyasi kidogo bado hai, ukubwa wa mkeka mmoja. Nikachota maji ya bwawa, machafu, yana hadi unyoya ndani. Nikakoroga, nikamwagia. Kisha nikauondoa mtungi nikauhamishia mbele, ili nijue. Sikuzipa tone jingine. Ndugu yangu, zimesimama. Kila kitu kinachozunguka pale ni vumbi, na zile zilikuwa kijani mpaka siku niliyofunga mlango. Nilikaa juu yake nikazishika kwa mikono yote miwili.

Uliniandikia mwenyewe Februari kwamba meza mnaifuta kwa dawa inayonuka kama vidonge vya maji. Nilisoma nikapita. Mtoto wangu aliuawa na maji machafu, na vijidudu vyako nimeviua kwa maji safi, tena nikazidisha kidonge. Nilivipenda, ndiyo maana.

Hukunitendea ubaya, najua ulitaka nisibebe. Lakini ungeniambia Juni ningelia nikiwa na mume wangu ndani. Ningemwambia ni maji, siyo nyasi, labda angekaa wiki moja zaidi, labda tungeokoa hata pembe ya konde. Labda asingekaa. Sasa sitajua, na hilo ndilo ulilonichukulia.

Sikuondoka kwa hasira. Nilijaribu kubaki. Nilikaa mle ndani peke yangu na kila nilipochota maji nilimsikia mtoto analia. Basi nikafunga, ufunguo nikampa jirani. Akirudi, usimwambie niko wapi. Atakuja, atasimama pale dirishani kwa dada, hatasema neno, nami nitarudi naye, na ukame mwingine utatukuta pale pale. Nakuomba.

Mimi.


30 Septemba

Wifi,

Nimeliandika wazi, na bahasha nimeliandika pia, mpaka karani wa posta akacheka. Hilo jina hukulipata kwa kaka yangu peke yake.

Ulivyosema ni kweli yote. Nilipofika kwenye ile sentensi ya pipa la ndani nilijua pale pale, nikiwa nimesimama kwenye ngazi, sijavua hata viatu. Nikaona wewe na kaka mnakunywa kwa kubania. Niliwaza, huyu ameshamzika mtoto, nikimwambia na hili litammaliza. Na niliwaza jambo jingine ambalo halinipi heshima: kwamba neno la mtoto mchanga ni langu. Nililiandika mimi. Nilikufichia wewe na nilijifichia mwenyewe. Nisamehe ukiweza, na usipoweza niandikie hivyo hivyo, hata matusi nitayapokea.

Sasa kaka. Kule alikokwenda mvua imenyesha. Amerudi, hakupoteza ng'ombe hata mmoja. Alinipigia kutoka dukani kwenye barabara kubwa, ambako simu inashika. Aliikuta nyumba imefungwa. Aliuliza kama ulisema chochote, nikamwambia sijui. Aliuliza uko wapi, nikamwambia sijui. Sijawahi kumdanganya mara mbili katika simu moja.

Kisha akaniambia habari ambayo ndiyo imenifanya niandike. Amezikuta zile nyasi nyuma ya jiko. Anadhani ulizipanda kwa ajili yake, kumwonyesha. Amezizungushia viti vya jikoni ndama wasiingie, hata kile kilichovunjika mguu amekitengeneza akakiweka. Alikuwa anaongea, wifi, unaweza kuamini, alikuwa anaongea bila kuulizwa. Alisema, "Dada, dawa imekubali. Ilichelewa tu. Nitumie nyingi, nipige konde zima mvua fupi ikichipusha nyasi. Mwambie wifi yako, ukimpata, kwamba sitaondoka tena. Mwambie nyasi zimekubali, aje aone."

Majaribio yetu yamepita, pakiti sasa zinatoka kwa ruhusa. Ninazo mezani, nimeandika jina lake juu. Sijazituma kwa sababu sijui niziambatanishe na maneno gani. Nimwambie nini? Nitasema utakavyo wewe.

Wifi yako, upende usipende.


3 Novemba

Wifi,

Jina limeandikika. Nimekusamehe tangu zamani, nilikuwa sina stempu tu.

Dada hajambo, anasema akilipata koti lako jeupe atalipunguza mabega, maana kwenye picha yako niliyo nayo umekaa kama hanga ya nguo. Vifungo vinanipa riziki. Hapa maji ni ya bomba.

Nimeisoma barua yako mpaka imelegea kwenye mikunjo. Nimevaa viatu nikafika hadi stendi, nikakaa kwenye benchi, basi likaja likaondoka. Sirudi, wifi. Nampenda, na hilo usimwambie. Nyasi zitasimama mwaka huu, na mwaka mwingine utakuja ambao hata vijidudu havitaweza, wewe mwenyewe uliandika si muujiza. Ng'ombe watataka kula na yeye atawafuata, kwa sababu ni mtu mwema na hawezi kuwatazama wakifa. Mimi siwezi kukaa tena ndani nikisubiri.

Mtumie pakiti. Mwambie achote maji ya bwawa, yalivyo, asiyatie kitu, na amwagie jioni. Akiuliza kwa nini, mwambie ndivyo vijidudu vinavyopenda. Habari za lile pipa la ndani usimwambie kamwe. Akijua ataanza kupiga hesabu kwamba angekaa, ng'ombe wangekaa, nami ningekuwa jikoni sasa hivi. Mimi nimeshaipiga hesabu hiyo kila siku tangu Julai, anatosha mmoja.

Wifi yako.